"Bila Kikomo" Yenye Kikomo: Tumepigwa, na Sheria Imelala Kabatini

Makamanda, leo siandiki kuhusu tume ya uchaguzi wala katiba mpya. Naandika kuhusu rauta. Msicheke kwanza, nisomeni mpaka mwisho.

Muhula uliopita tulikuwa watano kwenye nyumba moja ya kupanga, wote wanafunzi, tukaamua kuachana na mabando ya siku. Mabando ya siku mnayajua: unanunua asubuhi, saa tisa alasiri limeisha, hujui limekwenda wapi. Tukaona tangazo. Intaneti ya nyumbani, Mbps 10, BILA KIKOMO, mwezi mzima, shilingi 70,000. Elfu kumi na nne kwa kila kichwa. Bumu lilikuwa limeshatoka, tukachanga siku hiyohiyo, tukasherehekea na chipsi.

Siku ya tisa usiku nilikuwa napakia kazi ya Sheria ya Ushahidi. Mwisho wa kupokea ilikuwa saa 5:59 usiku. Faili la MB 15, maana nilikuwa nimeskani viambatisho. Duara linazunguka, linazunguka, halisogei. Saa 5:40 bado. Nikazima rauta nikawasha, nikaipeleka dirishani, nikawaombea wenzangu wote watoke mtandaoni. Wapi! Kilichoniokoa ni bando la buku la binti wa chumba cha jirani aliyeniwashia simu yake. Yaani bando la shilingi elfu moja lilifanya kazi iliyomshinda "bila kikomo" wa elfu sabini.

Kesho yake nikapiga huduma kwa wateja. Kijana aliyepokea mpole kweli, sina ugomvi naye. Akaniambia: "Dada yangu, kifurushi chako hakijaisha, bado ni bila kikomo. Umefikia tu kiwango cha Sera ya Matumizi ya Haki, GB 100, kwa hiyo spidi imeshuka mpaka kbps 256 hadi mwezi uishe." Nikamuuliza hiyo GB 100 imeandikwa wapi, mbona kwenye bango haipo? "Kwenye vigezo na masharti, dada, vipo kwenye tovuti."

Sera ya Matumizi ya Haki. Hebu irudieni polepole. Anayetumia alichokilipia ndiye anayehesabiwa kuwa hana haki, na aliyeuza asichokusudia kutoa ndiye mwenye sera.

Sasa tufanye hesabu, maana kwenye hesabu ndipo uongo unapojianika. Spidi ya Mbps 10 ikifanya kazi mfululizo, GB 100 zinaisha kwa takribani saa 22. Gawanyeni wenyewe: GB 100 ni sawa na megabiti 800,000, kwa megabiti 10 kila sekunde, unapata sekunde 80,000. Saa 22 na dakika chache. Mwezi una saa 720. Kwa hiyo walichotuuzia kwa 70,000 ni chini ya siku moja ya spidi iliyotangazwa, na baada ya hapo tunabaki na moja ya arobaini ya spidi ile mpaka tarehe ya kulipa tena. Kwa kbps 256, faili langu la MB 15 linahitaji karibu dakika 8 kama uko peke yako mtandaoni. Tulikuwa watano.

Mtu akikuuzia gunia la mkaa ukakuta juu mkaa, chini majani, huyo unamjua jina lake. Ila akivaa suti na kuwa na nembo, tunamwita mtoa huduma.

Nisingeandika kwa sababu ya kazi yangu moja iliyochelewa. Niliamua kuandika siku nilipokwenda steshenari moja karibu na chuo kuchapisha makaratasi, nikamkuta kaka mwenye duka kashika kichwa. Ni msimu wa maombi ya mkopo wa elimu ya juu, vijana waliomaliza kidato cha sita wamepanga foleni na vyeti vyao mikononi. Wengi wao hawana kompyuta, wengine wametoka mbali asubuhi. Kila mmoja anatakiwa kupakia vyeti, picha, fomu iliyosainiwa. Kaka kalipia intaneti "bila kikomo" ya biashara, na katikati ya mwezi imekuwa konokono. Foleni ikaanza kupungua, watu wakahamia duka la pili. Akaniambia, "Mdogo wangu, mimi sikuelewa. Bila kikomo si maana yake haina mwisho?" Ndiyo, kaka, maana yake ni hiyo. Wewe unajua Kiswahili vizuri, wao ndio wamekigeuza.

Na hapa nataka kuwajibu wale kaka zangu wa kwenye grupu wanaopenda kusema "kasome vigezo na masharti". Jamani, vigezo na masharti tunavisikia redioni kila siku, vinasomwa kwa kasi ya mtu anayekimbizwa na nyuki. Hakuna binadamu aliyewahi kuvielewa kwa spidi ile, na wanaovisoma hivyo wanalijua hilo.

Kuna hoja moja ya upande wao ninayoiheshimu, nayo nimeipata kwa mwenzangu wa chumba anayesoma uhandisi wa mawasiliano. Anasema mnara mmoja unahudumia watu wengi, uwezo wake una mwisho, na ukiacha watu wachache washushe filamu usiku na mchana, mtaa mzima utalia. Kweli kabisa. Sipingi kampuni kusimamia msongamano. Ninachopinga ni neno. Kama uwezo wenu ni GB 100, andikeni "GB 100 kwa spidi ya Mbps 10, kisha kbps 256". Tutanunua au tutaacha, tukiwa macho wazi. Lakini hawaandiki hivyo, na sababu inaeleweka: bango la "GB 100" nitalilinganisha na bango la mshindani lenye GB 150, nitachagua. Bango la "bila kikomo" halilinganishwi na kitu. Neno lile lina kazi moja tu, kuzima akili ya kulinganisha. Ndiyo maana hata kampuni inayotaka kuwa mkweli inaumia, kwa sababu GB zake 150 za kweli zinaonekana ndogo mbele ya uongo wa jirani.

Tuje kwenye sheria, maana ada ya chuo lazima ifanye kazi.

Mwaka wa kwanza, somo la mikataba, kesi karibu ya kwanza unayofundishwa ni ya Carlill dhidi ya Carbolic Smoke Ball, Uingereza, iliyochapishwa 1893. Kampuni ilitangaza gazetini kwamba mtu akitumia dawa yao kama ilivyoelekezwa kisha akaugua mafua makali, atalipwa pauni 100, na kwamba wameshaweka pauni 1,000 benki kuonyesha hawatanii. Mama mmoja, Bi. Carlill, akatumia, akaugua, akadai. Wakasema lile lilikuwa tangazo tu, maneno ya biashara, nani anayachukulia kwa uzito? Mahakama ikawaambia walipe. Zaidi ya miaka 130 iliyopita! Na leo mtu ananiambia "bila kikomo" ni lugha tu ya matangazo.

Kuhusu maandishi madogo, Jaji Denning aliwahi kusema katika kesi ya Spurling dhidi ya Bradshaw, 1956, kwamba yapo masharti makali kiasi kwamba ili yamfunge mteja yangepaswa kuchapwa kwa wino mwekundu, na mkono mwekundu uyaelekee. Sasa sharti linalofuta neno kubwa kuliko yote kwenye bango, halafu likafichwa kurasa tatu ndani ya tovuti, mkono wake mwekundu uko wapi?

Msikimbilie kushangilia lakini. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 18 kinazungumzia maelezo ya uongo na cha 19 kinampa aliyedanganywa haki ya kuuvunja mkataba. Ila kifungu hichohicho cha 19 kina mlango wa nyuma: kama ungeweza kuujua ukweli kwa kuwa makini kawaida, unaweza kunyimwa nafuu. Mawakili wa kampuni watapita hapo mbio. "Alikuwa na simu, alikuwa na tovuti, angesoma." Ndo maana wanahakikisha masharti yapo mahali fulani, hata kama ni shimoni.

Kwa hiyo silaha yetu ni nyingine. Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya 2003, kifungu cha 15. Inakataza mtu yeyote anayefanya biashara kufanya jambo linalopotosha au kudanganya, au linaloelekea kupotosha au kudanganya. Someni tena hayo maneno ya mwisho. Swali linahama kutoka kwa mteja, kama alisoma au hakusoma, na kwenda kwa tangazo: je, linaelekea kumpotosha mtu wa kawaida? Mpeni bango lile kaka wa steshenari, mpeni mama muuza mchicha, mpeni hata hakimu akiwa nyumbani kwake. Na upande wa mawasiliano zipo Kanuni za Kulinda Mlaji za 2018, zinazomtaka mtoa huduma atoe taarifa kamili na sahihi, kwa lugha nyepesi. Sheria tunayo. Tunazo hata taasisi mbili za kuisimamia, Tume ya Ushindani na TCRA, na juu yake kuna baraza la kuwasemea watumiaji lililoanzishwa na sheria ya TCRA ya 2003. Taasisi zote hizo, na bango bado liko barabarani.

Wenzetu walifanya nini? Marekani, ambako watawala wetu hupenda kutuambia tusiige, AT&T iliuza simu zenye data bila kikomo, kisha kuanzia 2011 ikawa inawashushia spidi wateja waliovuka kiwango, wengine baada ya GB 2 tu. Wateja zaidi ya milioni 3.5. Mamlaka yao ya biashara, FTC, ikaishtaki 2014. Kampuni ikapambana miaka mitano, ikibisha hata kama FTC ina mamlaka juu yake. Mwaka 2019 ikakubali kutoa dola milioni 60 za kurudishia wateja, na ikazuiwa kutangaza data ya aina hiyo bila kueleza mipaka yake waziwazi, si kwa maandishi madogo wala kwa kuificha nyuma ya kiungo. Sijasema Marekani ni peponi. Mwaka uliotangulia, 2018, zimamoto wa kaunti ya Santa Clara, California, walikuwa wakipambana na moto mkubwa wa msituni, intaneti ya gari lao la mawasiliano ikashushwa spidi na Verizon kwa sababu walivuka kiwango cha kifurushi "bila kikomo". Waliposema wana dharura wakaelekezwa wanunue kifurushi ghali zaidi. Kampuni baadaye ilikiri kwamba ilikosea. Moto unawaka, mtu anauza bando.

Karibu na kwetu, Afrika Kusini, tangu 2019 mdhibiti wao anawataka watoa huduma wamtaarifu mteja data yake inapofika asilimia 50, 80 na 100, na wasimkate fedha nje ya kifurushi bila ridhaa yake. India mwaka 2016 ilisema kwenye intaneti ya waya, hata mteja akivuka kiwango, spidi isishuke chini ya kbps 512, na kiwango chenyewe kielezwe wazi. Mimi siku ya tisa nilipewa nusu ya kile ambacho India walikiita cha chini kabisa karibu miaka kumi iliyopita.

Kwa nini huku kimya? Nitasema ninavyoona, asiyekubali anijibu kwa hoja. Serikali inamiliki TTCL yote. Serikali ina hisa asilimia 49 za Airtel Tanzania tangu makubaliano ya 2019. Sisemi kampuni hizo ndizo zilizotuuzia, wala sijataja iliyotuuzia, na kwa hoja hii haina haja kutajwa. Nasema refa ana jezi ya timu ndani ya koti. Pia kila kifurushi unachonunua kina VAT na ushuru wa bidhaa ndani yake. Ukinunua "bila kikomo", ukakwama, ukaongeza bando la buku ili umalizie kazi, hazina imekula mara mbili kwa usiku mmoja. Mwenye kula mara mbili ana haraka gani ya kurekebisha?

Na msisahau somo la neno kikomo tulilopewa na serikali yenyewe. Siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimwa nchi nzima, siku zikapita. Kifurushi chetu kiliendelea kuhesabu siku kama kawaida. Tulilipia 30, zile za giza hakuna aliyeturudishia hata moja, wala ujumbe wa samahani. Ya msingi kuhusu siku zile ni mengine makubwa zaidi na yatadaiwa mahali pake, lakini hata hili dogo liandikwe.

Kelele zinafanya kazi, hilo tumeliona. Tarehe 2 Aprili 2021 vifurushi vipya vilipoanza na watu wakakuta wanapata kidogo kwa bei ileile, mitandao ilichafuka mpaka serikali ikasitisha na kurudisha vya zamani. Tatizo ni kwamba tulipiga kelele za bei, tukanyamaza bei ilipotulia. Neno hatukuligusa. Bei wanaweza kuipandisha kwa mlango mwingine: wakuache ulipe ileile, wapunguze unachopata, na juu waandike "bila kikomo". Nani ataandamana dhidi ya kitu ambacho hakina mwisho?

Hapa niwe mkweli kwa upande wetu pia. Chama chetu kina wanasheria wa kutosha kujaza daladala. Sijaona mmoja akipeleka lalamiko la kifungu cha 15. Tunapenda kesi zenye kamera nje ya mahakama. Nilipolitaja suala hili kwenye kikao cha vijana, kaka mmoja ninayemheshimu akasema, "Dada, hayo ni mambo ya MB, tuzungumzie dola." Kaka yangu, mtu hukutana na dola hapohapo: anapolipa, anaponyimwa, na anapotafuta wa kumlalamikia akakosa. Yule kijana wa foleni ya mkopo hajui kifungu hata kimoja cha katiba, ila siku ile alijua hakuna anayemlinda.

Ninachopendekeza ni hiki. Tukusanye malalamiko ya watu halisi, tuyapeleke Tume ya Ushindani kwa kifungu cha 15, nakala TCRA, tukidai amri moja tu nyepesi: neno "bila kikomo" lisiandikwe kwenye tangazo la huduma yenye kiwango cha data au cha kushusha spidi, na kama kipo kiandikwe kwa herufi za ukubwa uleule, palepale. Ukubwa uleule, simaanishi nyota ndogo chini ya bango. Wakikaa kimya, Sheria ya Mwenendo wa Madai, Amri ya I Kanuni ya 8, inaruhusu wachache kuwashtakia wengi wenye maslahi yaleyale, kwa kibali cha mahakama. Elfu sabini ya mtu mmoja haimlipi wakili. Elfu sabini za watu elfu tano ni shilingi milioni 350, hapo mtu atainua simu.

Mahitaji si makubwa. Risiti au ujumbe wa malipo, picha ya tangazo ulilolinunulia, na kipimo cha spidi kabla na baada ya kushushwa, kikiwa na tarehe. Fichen namba zenu za simu kabla ya kutuma, na tumeni kwa katibu wa vijana wa wilaya yako, siyo kwenye grupu la wazi. Mimi nimeshaweka yetu ya watu watano, pamoja na ya kaka wa steshenari aliyeniruhusu. Na tangazo lipigeni picha leo likiwa bado juu, maana yale mabango hubadilishwa usiku.